Kanga wa Vidole Vitano

Jumapili ile Mwanvua alikuwa amekaa barazani na ungo wa mchele mapajani, anatoa mawe, wakati telefone yake ilipoanza kulia kama kifaranga aliyepotezana na mama yake. Ikalia, ikanyamaza, ikalia tena. Hakushtuka. Alijua ni wale watu wa ndege.

Mchele ulikuwa wa hitima. Alhamisi ingetimia miaka ishirini na mitatu tangu ndege aliyopanda mume wake, Maliki, ipotee ziwani kati ya Kalemie na Moba. Kila mwaka siku hiyo Mwanvua aliwaita watu wa msikiti na majirani, Maliki akasomewa, watu wakala wali na samaki, wakaondoka. Hakuna mwaka aliouruka, hata ule ambao ziwa lilipanda likaja kulamba ngazi ya mlango wake.

Grupu la ndege alilianzisha Papa Anatole, mzee aliyefanya kazi miaka thelathini ndani ya mnara wa uwanja wa ndege, akisema na marubani kwa redio. Kazi ilipomwacha, yeye hakuweza kuziacha ndege. Akawakusanya kwenye telefone watoto wa marubani, watoto wa mafundi, walimu, watu wa reli, wote wenye ugonjwa mmoja: wakisikia motere angani wanatoka nje hata na tonge mkononi. Walitumiana foto za ndege za zamani, wakabishana. Mwanvua aliingizwa kwa heshima ya Maliki, ambaye alikuwa fundi wa motere. Shule yake Mwanvua iliishia darasa la sita, akawa anasoma polepole, lakini kitu kilichopita mbele ya macho yake hakikupita bure. Foto zote alizitazama. Kuandika hakuwahi kuandika.

Siku hiyo foto zilitoka kwa Thierry. Huyu alizaliwa Kalemie, akakulia karibu na bandari, na sasa yuko Ubelgiji, na huko amejiunga na watu wanaotengeneza ndege za kale ziruke tena. Jumapili hiyo walikuwa na sikukuu yao kwenye uwanja mmoja wa majani, watu wanakuja na watoto na vyakula kuangalia. Mwanvua akafuta vumbi la mchele kwenye vidole, akafungua.

Ndege ya mabawa mawili, moja juu ya jingine, rangi ya embe lililoiva. Mzee wa kizungu amevaa kofia ya ngozi iliyoziba masikio, na jua lote lile. Ndege tatu zinapita chini chini, moshi mweupe nyuma yao. Wanawake wamekaa kwenye viti vya kukunja chini ya bawa kubwa, limekuwa kivuli chao.

Adrienne, mwalimu wa shule ya msingi, akaweka sauti yake: "Thierry, ile ya manjano ni nzuri, lakini mimi sipandi kitu chenye kamba. Ni ndege ao ni mahali pa kuanika nguo?"

Papa Anatole akajibu palepale: "Mama Adrienne, kamba zile njo zinashika mabawa. Ukizikata, utaanika piloti."

Thierry akawatumia ngurumo ya motere, ya dakika nzima. Mwanvua aliisikiliza mpaka mwisho, kichwa kimeinama. Halafu akamsikia Papa Anatole: "Silinda moja inakohoa hapo. Umuambie mwenyewe aangalie."

"Papa, motere hii iko na miaka makumi nane."

"Mimi niko na makumi saba na sita, sikohoi."

"Unakohoa misa yote, Papa Anatole," alisema Adrienne. "Padri anakungojeaga."

Mwanvua akacheka peke yake, akarudisha mkono kwenye mchele. Telefone ikalia tena. Safari hii Thierry alikuwa ameandika kwanza: *Sasa muangalie hii. Hii njo ya kwetu Kalemie.* Halafu foto.

Ilikuwa Dakota, moja ya zile ndege zinazokaa na mkia chini na pua juu, kama mbwa anayengojea mfupa. Nyeupe, yenye mstari wa bluu. Ubavuni herufi tano nyeusi. Puani, chini ya kioo cha rubani, mtu alikuwa amechora kanga, yule ndege wa porini mwenye madoa, shingo yake ya bluu, na mguu wake ulikuwa na vidole vitano.

Mwanvua akaweka ungo chini. Mchele ukamwagika kidogo ukingoni, na hakuuokota.

Kanga hana vidole vitano. Mtoto yeyote wa Kalemie aliyewahi kumfukuza kanga anajua ana vitatu mbele na kimoja kidogo nyuma. Kanga wa vidole vitano alikuwa mmoja tu duniani, na Mwanvua alikuwako alipochorwa. Ilikuwa mwaka wa kwanza wa ndoa yao. Maliki alimpeleka uwanjani amwoneshe ndege aliyokuwa akiitunza, akapanda ngazi na makopo ya rangi. Mwili alijua kuuchora, na madoa alijua. Miguu ikamshinda. Basi akaweka mkono wake wa kushoto kwenye bati, akauzungushia kalamu, vidole vyote vitano, akasema huu ni mguu mmoja. Kisha akamvuta Mwanvua apande, akaushika mkono wake, akauweka kwenye bati lililokuwa moto kwa jua, akauzungushia pia. Mguu wa pili. Mmoja mkubwa, mmoja mdogo. "Kanga huyu atachechemea," Mwanvua alimwambia. Maliki akasema, "Si kitu, yeye ataruka."

Herufi nazo zilikuwa zilezile. Maliki alikuwa ameziandika hata ndani ya kofia yake.

Mwanvua akapanua foto kwa vidole viwili, kama alivyofundishwa. Mguu uliokuwa unaonekana ulikuwa ule mkubwa. Mbele ya ule mwingine palisimama mtu. Alikuwa amewapa mgongo, amevaa salopeti ya bluu, ile nguo ya mafundi, kofia imeshuka mpaka shingoni, mkono mmoja kiunoni, mwingine umeshika ndege kama mtu anavyomshika ng'ombe wake. Jua lilikuwa nyuma ya ndege, mikono yake yote ilikuwa kivuli tu. Mwanvua akautazama ule mkono wa kiunoni. Maliki alisimama hivyo. Lakini basi, wanaume wangapi husimama hivyo?

Kwenye grupu watu walikuwa wanatuma mioyo na makofi. Papa Anatole peke yake alikuwa amenyamaza.

Siku ndege ilipopotea ilikuwa imebeba sabuni na mifuko ya sima ya kujengea kwenda Moba. Moshi wa mbuga zilizochomwa ulikuwa umelala juu ya ziwa. Haikufika. Wavuvi walileta gurudumu moja na sanduku la vyombo vya ufundi vya Maliki, limefungwa vizuri kama alivyolifunga yeye. Mtu hawakuleta. Wiki tatu walitafuta, halafu masheikh wakakaa na wazee wa familia, wakasema ndege imezama na waliomo wamezama. Mwanvua akavaa nguo za eda, akakaa ndani miezi minne na siku kumi, tumboni ana Sabrina. Alipotoka alikuwa mjane, na tangu hapo hakuwa kitu kingine. Waliokuja kumposa aliwaambia kila mmoja kwa upole kwamba hapana.

Sasa ndege hii hapa. Nzima, magurudumu yote mawili, imepakwa rangi, inameta.

Alikuwa bado ameishika telefone wakati pikipiki iliposimama mlangoni, akashuka shemeji yake Anwari, mdogo wa Maliki. Anwari hakuwamo kwenye grupu, lakini alifanya kazi bandarini, na bandarini foto haichukui nusu saa kumfikia mtu.

"Shemeji, umeona?"

"Nimeona."

"Njo yenyewe?"

"Kaa kwanza, baba. Unatoka jasho."

Hakukaa. Alitembea kutoka nguzo hadi nguzo. "Mimi nilisema toka zamani. Kulikuwa watu walisema ndege ile haikuanguka, iligeuzwa, ikavushwa ng'ambo, ikauzwa. Wakati ule vitu vingi vilipotea hivyo. Wakaniita muwazimu. Tuliona nini sisi? Gurudumu moja. Gurudumu linaweza kuanguka peke yake."

"Na sanduku la vyombo?"

"Sanduku linatupwa." Akasimama. "Na huyu muntu wa salopeti, angalia mukono. Angalia vizuri."

"Nimeangalia, Anwari."

"Kama iko nzima, basi na yeye..." Akakaa ghafla juu ya ngazi, akavua kofia. "Suruali yake ya sherehe niliivaa mimi. Niliivaa mpaka ikapasuka. Akirudi nitamuambia nini?"

"Utamuomba radhi ya suruali," alisema Mwanvua. "Mimi nitamuomba radhi ya nini, hata sijui."

Halafu Anwari akauona ungo. "Na hii, shemeji, simamisha. Hatuwezi kumusomea hitima muntu muzima. Ni kama kumuchimbia."

"Na kama si muzima?"

"Ndiyo maana nasema tungoje."

"Tungoje nini? Nimengoja miaka ishirini na mitatu, na kungoja kwenyewe niliambiwa kumekwisha."

Adhana ya alasiri ikawakuta hapohapo. Mwanvua akaingia ndani, akatia udhu, akatandika mkeka. Alisali rakaa zake bila kukosea, maana mwili unazijua. Lakini alipokwisha kutoa salamu na kunyoosha mikono, akakuta hajui aombe nini. Miaka yote dua yake ilikuwa moja: Mola amrehemu Maliki, ampanulie kaburi lake hata kama ni la maji. Kama yu hai, hiyo ni dua gani? Aombe arudi? Na kama yu hai na hakurudi, na hakutuma hata salamu kwa mtu wa boti, basi alikuwa ameondoka kwa miguu yake, akamwacha na mimba. Mume wa namna hiyo Mwanvua hakumfahamu. Na kama alikuwa hamfahamu, ni nani aliyekuwa akimsomea? Mikono ikachoka hewani. Akaishusha bila kusema neno.

Ukutani, karibu na mlango, palikuwa foto ya pekee ya Maliki. Amesimama chini ya pua ya Dakota, anacheka, kofia mkononi. Kanga yuko juu yake, na bega la Maliki limeuficha mguu mmoja, ule mdogo. Mwanvua aliitazama siku zote. Leo aliitazama kama mtu anayejisomea barua aliyokuwa akisomewa na mwingine.

"Nipeleke kwa Papa Anatole," akamwambia Anwari.

Wakapanda pikipiki, wakavuka daraja la Lukuga, wakaingia kwenye nyumba za zamani za reli. Papa Anatole walimkuta chini ya veranda yake, shati limefungwa vifungo vya kupishana, darubini ya kazi ya zamani shingoni, ingawa angani hapakuwa na kitu. Telefone ilikuwa juu ya meza na hakuwa akiigusa.

"Mama Sabrina," alisema, "nilikuwa naogopa utakuja, na nilikuwa naogopa hautakuja."

"Papa Anatole, wewe unazijua ndege. Niambie tu. Njo ile?"

Mzee akavua darubini, akaiweka mezani. "Mimi njo nilisema nayo mwisho. Piloti alisema haoni mbele, moshi umelala juu ya maji, anashuka kidogo. Nikajibu. Kisha nikaita, nikaita mpaka sauti ikaisha. Herufi zile nimeziita kwa redio mara ngapi, hata usingizini naziita. Njo zile."

"Si ndege nyingine?" aliuliza Anwari.

"Ndege mbili hazibebi herufi moja. Ni sheria. Ni kama alama ya kidole." Akajifuta uso. "Lakini tena haiwezekani. Niko najiambia njo ile, halafu najiambia haiwezekani, na sijaacha toka saa nane."

Mwanvua alikuwa amekuja ili mtu amwondolee fumbo. Sasa mafumbo yalikuwa matatu, moja kwa kila kiti.

"Tumuulize mutoto mwenyewe," alisema. "Yuko pale pale."

Papa Anatole akaishika telefone kwa mikono miwili, akasema ndani yake kama zamani kwenye mnara, neno moja moja: "Thierry. Ni Papa Anatole. Hii Dakota umetutumia. Mumeitoa wapi? Niko na Mama Sabrina hapa, muke wa Maliki. Jibu."

Wakangoja. Saa za huko na za Kalemie majira hayo zinalingana, kwa hiyo walijua kule nako saa kumi na moja inakaribia na watu wanaanza kukunja viti. Jibu lilipokuja, nyuma ya sauti ya Thierry palikuwa na kelele ya watu na motere.

"Mama Mwanvua, ninaomba msamaha. Wallahi sikufikiri. Ngoja nieleze. Ndege hii tuliikuta imetupwa, mabati matupu, karatasi zake zinasema ilibeba barua huku kaskazini, halafu basi. Na huku wako na desturi. Ukitengeneza ndege ya zamani isiyokuwa na habari yake, unaweza kuivalisha nguo za ndege nyingine, ile iliyokufa. Rangi yake, herufi zake, muchoro wake. Ili ile isisahauliwe. Herufi za sheria ziko ndogo, kule karibu na mkia. Mimi nikawaambia, mimi natoka Kalemie, tuivalishe ile ya kwetu. Foto nilipewa na Papa Anatole. Tulitaka kukufurahisha, Mama. Nikakufanya hivi."

Wote wakamgeukia mzee.

"Mimi?" alisema Papa Anatole.

"Ulinitumia foto mia tatu na kitu, Papa," sauti ya pili ya Thierry ikafuata, kana kwamba imemsikia. "Moja ni ya Papa Maliki, iko ukutani."

Papa Anatole akaweka kiganja kwenye paji la uso. "Hitima ya mwaka juzi," alisema taratibu. "Niliingia kuosha mikono, nikaiona. Nikaipiga na telefone. Wewe ulikuwa jikoni." Akamtazama Mwanvua kwa aibu. "Mia tatu, Mama Sabrina. Nitakumbuka ipi?"

Hapo fumbo lingeweza kuisha, na kwa kupumua mara moja lilikuwa limeisha. Lakini Anwari alikuwa mtu wa bandari, na watu wa bandari wameona karatasi nyingi za uongo.

"Imetupwa wapi?" alisema. "Nani aliwapa? Karatasi zinasema, karatasi zinasema. Muntu akiiba ndege, unafikiri ataandika 'nimeiba'? Ataandika ilibeba barua. Thierry ni mutoto muzuri, lakini anasema kile alichoambiwa."

"Anwari," alisema Papa Anatole.

"Papa, wewe ulijaza karatasi kwamba imeanguka. Uliiona ikianguka?"

Mzee akatikisa kichwa. "Hapana," alisema. "Niliijaza kwa sababu ilikuwa kimya."

Mwanvua alikuwa amekaa wima, mikono juu ya magoti. Aliitazama mikono hiyo. Ikamjia polepole, kama mtu anayekuja kwa mbali na ukamjua kwa mwendo kabla ya sura. Foto ya ukutani, bega la Maliki limeuficha mguu mdogo. Aliyechora kwa kuangalia foto ile hakuuona. Hakuna aliyeuona isipokuwa aliyekuwa juu ya ngazi ile.

"Nipe telefone, Papa Anatole," alisema. "Nibonyeze wapi?"

Mzee akamwonesha. Mwanvua akaisogeza karibu na mdomo. Ilikuwa mara ya kwanza watu wa grupu kuisikia sauti yake.

"Thierry mwanangu. Ni mimi mama yake Sabrina. Sijakasirika. Huyo bwana wa salopeti, kama bado amesimama hapo, umuombe atoke. Unipigie foto ya miguu ya kanga. Miguu yote miwili. Karibu."

Akaachia kidole.

"Miguu ya nini?" aliuliza Anwari.

"Ya kanga."

"Sasa miguu ya kanga itatuambia nini?"

"Ngoja, baba."

Thierry akaandika: *Mama, motere ya kwanza imeshawashwa, ndege inarudi kwao saa kumi na moja. Ninakimbia.*

Papa Anatole akatazama saa ya mkononi. Zimebaki dakika kumi na mbili. Telefone ikakaa mezani katikati yao kama sahani ambayo hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kuifunua. Rezo ya telefone ikapotea, ikarudi, ikapotea. Ndani ya nyumba mtu alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo, mdundo mmoja tu, na Mwanvua akajikuta anaufuata kwa tasbihi bila kujua anahesabu nini. Kama mguu wa pili ni mdogo, ndege ni ile yenyewe, na Maliki hakuzama siku ile. Yuko mahali, ao alikuwako mahali, na kila hitima ilikuwa ya mtu mwingine. Kama ni mkubwa kama mwenzake, basi yeye ni mjane kama alivyokuwa jana. Akatafuta moyoni anataka upi. Akatafuta kwa kweli, kama mtu anayetafuta sindano kwenye mkeka, na kila alipoweka mkono palikuwa patupu. Alitaka mume wake awe hai. Hakutaka awe mtu aliyemwacha. Hivyo viwili havikuweza kukaa chumba kimoja.

Foto ikaingia. Kwanza ilikuwa ukungu mtupu, na kiduara kinazunguka. Anwari akainama, Papa Anatole akavaa miwani juu ya miwani. Ukungu ukafunguka.

Yule mtu wa salopeti alikuwa amesogea pembeni, amegeukia kamera, anacheka. Alikuwa mzungu kijana, ndevu nyekundu mpaka kifuani.

"Huyo njo Maliki wako," Papa Anatole alimwambia Anwari, na kwa mara ya kwanza tangu saa nane mtu alitoa sauti inayokaribia kicheko.

Mwanvua hakumtazama wa ndevu. Alikuwa anatazama juu ya bega lake. Kanga alisimama kwa miguu yake miwili, vidole vitano na vidole vitano. Miguu ilikuwa sawa. Mikubwa yote. Mchoraji aliuona mmoja kwenye foto, akautengenezea mwenzake wa kufanana, kama mtu yeyote mwenye akili angefanya. Kanga huyu hakuchechemea.

Aliitazama muda mrefu. Kule Ubelgiji motere ya pili ilikuwa labda inawashwa.

"Si yenyewe," alisema.

"Unajuaje?" aliuliza Anwari.

"Najua."

"Shemeji, niambie na mimi nijue."

Mwanvua akamgeukia. "Siku alipochora nilikuwako juu ya ngazi. Hii haikuchorwa na yeye. Ndege yake iko kule ilipoanguka, na yeye yuko nayo. Sina shaka tena, na wewe usiwe nayo."

Anwari aliutafuta uso wake, akakuta haukuwa uso wa mtu anayebahatisha. Akachukua kofia yake, akaivaa, akaivua tena, na machozi yakamtoka bila sauti. Miaka ishirini na mitatu iliyopita hakulia. Alikuwa kijana, alikuwa na kazi ya kupokea watu na kubeba viti.

"Basi ni ndoyi," alisema Papa Anatole. "Wamempa jina la mufu. Herufi, nguo, kila kitu. Na mimi muzee mujinga nikasema ndege mbili hazibebi jina moja."

Ndoyi, wa jina moja. Hilo Mwanvua alilielewa bila kufafanuliwa. Huko Kabimba, kwa binti yake Sabrina, kulikuwa na mtoto wa miezi saba anayeitwa Maliki. Sabrina hupiga simu akisema Maliki amekataa kulala, Maliki ameota jino, Maliki amenitapikia, na hata siku moja Mwanvua hakusimama akatafuta viatu kwenda kumpokea mume wake. Leo alikuwa amesimama. Kuanzia saa nane mpaka saa kumi na moja kasoro alikuwa mwanamke mwenye mume, na hakujua kama ni neema ao ni adhabu, na hata sasa hakujua.

Thierry akaweka sauti, motere zinanguruma nyuma yake mpaka alilazimika kupaza: "Mama, umeipata? Kuna kitu tumekosea kwenye miguu? Muchoraji alinambia vidole vitano si sawa, nikamukataza kugusa. Kama kuna kosa, mutuambie, tutarekebisha wakati wa baridi, haitakuwa inaruka."

Papa Anatole akamsogezea telefone. Mwanvua akautazama mkono wake wa kushoto. Ulikuwa umenenepa vifundo, ngozi imelegea. Usingeingia tena kwenye alama ile. Angeweza kuuweka kwenye karatasi, kuuzungushia kalamu, Papa Anatole akaupiga foto, na kanga wa Ubelgiji akachechemea kama inavyopasa.

Lakini kanga wa kuchechemea alikuwa mmoja tu, na yuko ziwani. Akabonyeza.

"Hapana, mwanangu. Hakuna kosa. Muliifanya vizuri sana, Mungu awalipe. Muache vilevile. Na huyo mwenye ndevu umuambie asante, na aangalie ile silinda inayokohoa."

"Silinda ni ya ile ya manjano," Papa Anatole alinong'ona.

"Aangalie zote."

Dakika chache baadaye Thierry akatuma video fupi. Dakota ikakimbia majanini, mkia ukainuka kwanza, halafu magurudumu yakaacha ardhi. Wote watatu wakaitazama mara mbili. Grupu likajaa makofi. Adrienne akasema hiyo angeipanda, haina kamba.

Wakarudi na pikipiki polepole. Juu ya daraja Anwari akapunguza mwendo, maana kulikuwa na magari, akasema bila kugeuka: "Shemeji, Alhamisi nilete samaki gani, kuhe ao sangala?"

"Leta kuhe. Sangala hakuwa anapenda."

Nyumbani kuku wa jirani walikuwa wameukuta mchele uliomwagika. Mwanvua akawafukuza, akakaa pale pale, akauvuta ungo mapajani. Bado kulikuwa na mwanga wa kutosha kuona mawe.